Unga Hauumwi kwa Meno: Biashara ya Soya na Maharage Nyakabuye

Katika masoko ya mpakani wilayani Rusizi, nchini Rwanda, mnunuzi wa maharage hana haja ya maabara. Hutumbukiza mkono hadi chini ya gunia, huchota punje, hutazama kama zina matundu ya wadudu, kisha hutia moja mdomoni na kuiuma. Ikipasuka, imekauka. Ikibonyea, bei inashuka papo hapo.

Unga hauna mtihani wa namna hiyo.

Nyakabuye, sekta ya Rusizi yenye chemchemi za maji moto za Amashyuza, iko karibu zaidi na Kamanyola ya Kongo na mpaka wa Ruhwa wa Burundi kuliko ilivyo na Kigali, ambako barabara ya kufikia hupita katikati ya msitu wa Nyungwe. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikafuata mwaka 2022. Jumuiya ina cheti rahisi cha asili ya bidhaa kwa mizigo isiyozidi thamani ya dola 2,000. Basi ni rahisi kudhani kwamba kuagiza unga wa jamii ya kunde ni kazi ya kujaza karatasi tu. Hata hizo karatasi zina mtego wake: katika orodha ya forodha unga wa soya ni 1208.10, ilhali ule wa maharage makavu ni 1106.10. Anayeandika "unga wa kunde" bila kufafanua anajitafutia usumbufu.

Kazi yenyewe iko kwenye moto. Soya mbichi ina viini vinavyozuia tumbo kusaga protini, na joto la kutosha ndilo linalovivunja. Mtoto anayenyweshwa uji wa soya ambayo haikuiva hapati faida kamili ya protini ile. Maharage mekundu nayo yana sumu inayohitaji kuchemshwa sawasawa. Moto wa uvuguvugu hautoshi. Sasa soya mbichi ikishasagwa, nani ataitambua kwa macho? Viwandani huchukua unga kidogo, huutia kwenye maji yenye urea na rangi ya kupimia. Maji yakigeuka mekundu haraka, soya haikuiva. Kipimo hiki hakihitaji mashine kubwa, na kila muuzaji wa unga lishe angepaswa kukifahamu.

Kuna pia suala la mafuta. Soya nzima ina takriban asilimia 20 ya mafuta, na unga wake huchacha upesi penye joto kama la bonde la Bugarama lililo jirani. Uliokamuliwa mafuta hudumu zaidi, na protini yake hufika karibu asilimia 50.

Rwanda ina wazoefu wa kazi hii. Unga wa SOSOMA, mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi, umelea watoto wengi. Mwaka 2017 kiwanda cha Africa Improved Foods kilizinduliwa Kigali, ubia wa serikali na kampuni ya DSM pamoja na wawekezaji wengine. Hutengeneza unga wa mahindi na soya kwa ajili ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, na unga lishe wa Shisha Kibondo kwa kina mama na watoto wa familia maskini. Mahindi mengi ya wakulima yalipokataliwa kwa sababu ya sumukuvu, kiwanda kilianza kununua mahindi yakiwa bado kwenye magunzi na kuyakausha chenyewe. Kama kiwanda chenye maabara kiliona heri kusogea karibu na shamba, mfanyabiashara mdogo wa Nyakabuye asiye na maabara ana sababu kubwa zaidi ya kufanya vivyo hivyo.

Kwa hiyo vyama vya ushirika vya Nyakabuye viagize soya ikiwa punje, viikaange na kuisaga hapa hapa. Anayelazimika kuagiza unga adai tarehe ya kusagwa, cheti cha vipimo kwa kila shehena na maelezo kama umekamuliwa mafuta. Akikosa kimojawapo, asilipe.