Saa ya Thamani: Je, ni Pambo au ni Akiba?

Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja awe na penseli na kipande cha karatasi, maana leo tuna hesabu. Nataka kuzungumza nanyi juu ya saa ya mkono. Sisemi saa ya kawaida, nasema ile ya thamani kubwa, ambayo bei yake yaweza kumjengea mtu vyumba viwili na choo. Anunuapo saa ya namna hiyo, je, amenunua pambo au ameweka akiba?

Tuchukue mfano wa bwana mmoja akaaye Mbezi Beach. Ni Mbezi ile ya Kinondoni, ya upande wa bahari katika njia ya Bagamoyo, si Mbezi ya njia ya Morogoro. Wageni wengi hupotea hapo. Bwana huyu amestaafu, amepata kiinua mgongo chake. Nyumba anayo, watoto wamekwisha soma. Miaka yote ya kazi alitamani saa nzuri ya Uswisi. Sasa kijana mmoja amemwambia, "Mzee wangu, nunua Rolex. Utaivaa, utafurahi, na baadaye utaiuza kwa faida. Ni sawasawa na kununua kiwanja." Bwana huyu hana fedha nyingine nyuma ya hii, na umri wa kurudi kazini umepita. Basi na tumsaidie kufikiri.

Yafaa kwanza tujue saa hiyo ni kitu gani. Ndani yake mna kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliokunjwa. Ukiitia saa ufunguo, kamani hukazwa. Ikifunguka polepole, huyasukuma magurudumu madogo, na magurudumu huziendesha akrabu. Kipo kigurudumu kimoja kinachokwenda mbele na kurudi nyuma, nacho ndicho kipimacho mwendo. Katika saa nyingi za siku hizi hicho hupiga mara 28,800 kwa saa moja. Gawanyeni kwa 3,600, mtaona ni mara nane kila sekunde, usiku na mchana, kwa miaka. Nyingine hujitia ufunguo zenyewe kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Ni kazi ya kustaajabisha, na mtu akiipenda kwa ajili hiyo simlaumu hata kidogo.

Lakini sikilizeni jambo hili. Mwezi wa Desemba 1969, kampuni ya Seiko ya Japani iliuza Tokyo saa ya mkono ya namna mpya. Haikuwa na kamani. Ilikuwa na betri na kipande kidogo cha jiwe liitwalo kwatsi, ambalo likitiwa umeme hutetema haraka mno, tena kwa kipimo kisichobadilika. Saa za kwanza za namna hiyo zilikuwa ghali, lakini bei ikashuka upesi. Viwanda vya Uswisi vilipata pigo kubwa. Wafanyakazi wa saa huko walikuwa kama 90,000 mwaka 1970. Kufika katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000.

Kwa nini nawaambia habari hizi za zamani? Kwa sababu leo saa ya betri unayoinunua Kariakoo kwa shilingi elfu chache yaweza kushika majira vizuri kuliko saa ya dhahabu ya mamilioni. Saa nzuri sana ya kamani huweza kukosea sekunde mbili kila siku, na kiwanda kikajisifu kwayo. Ya betri hukosea sekunde chache tu kwa mwezi. Basi aliyenunua saa ya kamani hakununua majira. Amenunua ufundi, jina na heshima. Na bei inayosimama juu ya matamanio ya watu hupanda wakitamani, na hushuka wakichoka.

Tuliyaona hayo juzi tu. Kampuni ya Patek Philippe ya Geneva, iliyoanza mwaka 1839, ilikuwa na saa ya chuma iitwayo Nautilus. Mwaka 2021 ilijulikana kwamba namna ile yenye namba 5711 haitatengenezwa tena. Watu wakaigombania, nayo ikauzwa mkononi kwa bei mara kadhaa ya ile ya dukani. Rolex nyingi nazo zikapanda. Kisha, tangu mwanzoni mwa 2022, bei za mkononi zikaanza kuteremka. Waliouza mapema walicheka. Walionunua kileleni walibaki na saa nzuri na hasara.

Wanaouza saa hupenda kuisimulia saa ya Paul Newman, mwigizaji wa sinema wa Marekani. Ilikuwa Rolex ya chuma, zawadi ya mkewe. Oktoba 2017 iliuzwa kwa mnada New York kwa dola zaidi ya milioni 17. Ni kweli kabisa. Lakini mnunuzi alilipia mkono ulioivaa. Karibu na sisi wenyewe, kwa ndugu zetu wa Oman, Sultani Qaboos, aliyeshika nchi mwaka 1970 na kufariki Januari 2020, alikuwa akiagiza saa za Uswisi zenye nembo ya Oman usoni, jambia na panga mbili, akawapa watu kuwa zawadi. Saa hizo sasa zatafutwa sana na wakusanyaji, kwa kuwa ni chache na historia yake yajulikana. Na kwa kuwa zatafutwa, wapo wanaoichora nembo ile juu ya saa za kawaida ili wadanganye watu.

Hapo ndipo penye hatari kubwa kwa bwana wetu. Saa za bandia zimejaa, na nyingine zimetengenezwa vizuri hata mtazamaji wa kawaida hawezi kuzitambua kwa macho. Asinunue kwa picha ya simu. Asinunue kwa mtu anayemhimiza alipe leo kwa sababu "mteja mwingine anakuja". Aulize sanduku na karatasi za saa, aone kama namba iliyo kwenye karatasi ndiyo iliyochongwa kwenye saa. Hata hivyo karatasi nazo hughushiwa. Ampelekee fundi anayejua saa za namna hiyo, aufungue mfuniko wa nyuma, aitazame mashine yenyewe. Muuzaji akikataa saa isifunguliwe mbele ya fundi, bwana wetu avae kofia yake aende nyumbani. Na kama saa yatoka nje ya nchi, akumbuke ushuru wa forodha, pamoja na kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kwa kawaida huku Bara ni asilimia 18.

Sasa twende kwenye hesabu. Mwalimu wa darasa aandike ubaoni. Tuseme saa ni shilingi milioni 20, na bwana wetu ataikaa nayo miaka kumi. Fedha hizo hizo angeweza kuikopesha Serikali kwa kununua hati fungani katika Benki Kuu ya Tanzania, ambazo mtu wa kawaida huweza kuzinunua kuanzia shilingi milioni 1, na riba hulipwa kila nusu mwaka. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme riba ni asilimia 10 kwa mwaka. Atapata milioni 2 kila mwaka. Kwa miaka kumi ni milioni 20, na mwisho atarudishiwa milioni 20 zake. Jumla milioni 40.

Saa nayo haitoi riba wala kodi ya pango. Tena hula. Mafuta yaliyo ndani hukauka, na mpira unaozuia maji huchakaa, hivyo baada ya miaka kadhaa lazima isafishwe na fundi stadi. Tuseme matengenezo ya miaka kumi ni milioni 2. Basi ili saa iwe sawa na hati fungani, bwana wetu lazima atie mfukoni milioni 42 siku ya kuiuza. Lakini mwenye duka anunuapo saa kwako hakupi bei ya dukani, naye ataka kula. Tuseme akupa robo tatu. Milioni 42 ni robo tatu ya ngapi? Ni robo tatu ya milioni 56. Kwa hiyo saa iliyokuwa ya milioni 20 lazima ifike milioni 56 dukani. Huenda ikafika. Mimi nisingeuweka uzee wangu juu ya huenda hiyo.

Na yule kijana aliyesema ni kama kiwanja? Wazee wa Mbezi Beach wanakumbuka minazi na mikorosho mahali palipo majumba leo, na ni kweli aliyekishika kiwanja chake hakujuta. Lakini kiwanja hujengwa, hupangishwa, na mwivi hakivui mkononi penye foleni ya magari. Mnunuzi wa kiwanja hukosi hapa hapa Dar es Salaam. Wa saa ya milioni 20 ni wachache, na yule anayejua kwamba una shida atakupa bei ya shida.

Nadhani bwana wetu afanye hivi. Aitenge kwanza fedha ya chakula, dawa na matengenezo ya nyumba. Ikibaki fedha ambayo hata ikipotea hatalala njaa, anunue saa aipendayo, ya bei ndogo kuliko ile ya kijana, na aiite furaha. Aivae! Saa iliyofungiwa kabatini kwa kuogopa mkwaruzo si furaha wala si riba. Ila akishuka pwani aangalie: saa iliyoandikwa mita 30 si ya kuzamia, hiyo yastahimili matone ya mvua na kunawa mikono tu. Hata ile ya kuogelea, akitoka baharini aisuuze kwa maji baridi, maana chumvi hula mkanda na vifungo vyake.

Hesabu yenu ya juma hili ni hii. Mama mmoja ana shilingi milioni 12. Akinunua hati fungani, kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, atapata kiasi gani pamoja na fedha yake baada ya miaka kumi? Akinunua saa badala yake, na matengenezo yakawa milioni 3, na mwenye duka akampa robo tatu, saa lazima iwe imefika bei gani dukani ili asipate hasara? Andikeni kila hatua, msiandike jibu peke yake. Tutasahihisha mwanzoni mwa somo lijalo. Kwaherini.