Binamu, Nasaba na Vinasaba: Istilahi za Kiswahili katika Suala la Ndoa za Ndugu

Neno binamu lina asili ya Kiarabu, ibn amm, yaani mwana wa kiume wa ndugu wa kiume wa baba. Katika Kiarabu maana yake ni finyu: binti wa ami ana jina lake, na watoto wa mjomba, wa shangazi na wa mama mdogo wana majina yao. Kiswahili kililipokea neno hilo kikalivua masharti yake. Leo binamu ni mtoto wa ami, wa shangazi au wa mjomba, na kwa wasemaji wengi hata wa mama mkubwa. Aweza kuwa mwanamume au mwanamke, na hakuna anayeshtuka kusikia mwana akiwa binti. Upanuzi huu wa maana ni wa kawaida katika lugha. Tatizo ni kwamba binamu ndilo neno linalotumiwa kila linapozuka swali la iwapo ndugu wanaweza kuoana, na chini ya neno hilo moja zimejificha desturi zisizopatana.

Miongoni mwa Wayao na Wamakonde, watoto wa ndugu wawili wa jinsia moja walihesabiwa kuwa ndugu kamili, na kuoana kwao kulikuwa mwiko. Mtoto wa mjomba au wa shangazi alikuwa jambo jingine: kumwoa kuliruhusiwa, na aghalabu kulipendelewa. Kwa Waarabu, na kwa familia nyingi za pwani zilizofuata desturi yao, mtoto wa ami ndiye mchumba wa kwanza kufikiriwa. Wakikuyu na Wajaluo walimtaka kijana atafute mke nje ya ukoo wake. Kanisa Katoliki, katika sheria yake ya mwaka 1983, linazuia ndoa ya watoto wa ndugu wawili isipokuwa kwa idhini maalumu. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 inamtaja binamu katika orodha ya wasiooana, kisha inawatoa Waislamu katika katazo hilo. Wanafunzi wawili wa darasa moja mjini Mombasa wanaweza basi kulitumia neno binamu kwa maana ileile, mmoja akimaanisha mchumba anayefaa na mwingine mtu wa kukimbiwa.

Kibayolojia, tofauti hizo hazina uzito mkubwa. Mtoto wa ami na mtoto wa mjomba wote wawili hushirikiana na binamu yao, kwa wastani, sehemu moja ya nane ya urithi. (Kromosomu ya X ina njia yake, lakini hilo ni la pembeni hapa.) Kwa upande mwingine, ndugu wa kunyonya, ambao katika sheria ya Kiislamu ni maharimu, hawalazimiki kuwa na urithi wowote wa pamoja. Ni vigumu, kwa hiyo, kukubaliana na wanaodai kwamba wahenga waliweka miiko ya ndoa kwa kuwa walijua elimu ya urithi. Miiko ililinda heshima, mali na amani baina ya nyumba. Kazi hiyo yatosha. Haihitaji kupambwa kwa sayansi isiyokuwapo.

Istilahi ya pili inayostahili kuchunguzwa ni kinasaba. Waundaji wake walichukua neno nasaba, wakalitia kiambishi ki- cha udogo, wakapata jina la kile ambacho wengine hukiita jeni. Kwa kipimo cha uundaji wa istilahi ni neno zuri: ni fupi, lina asili inayoeleweka na linanyambulika. Lakini nasaba si neno tupu. Katika sheria ya Kiislamu na katika mazoea ya pwani, nasaba ya mtoto huhesabiwa kwa baba. Msikilizaji anayeambiwa kwamba ugonjwa umetokana na vinasaba huweza kusikia kwamba umetokana na ukoo, na swali linalofuata ni ukoo wa nani. Jibu huwa tayari: ni ugonjwa wa kwao, yaani wa kwao mke. Wako wanawake waliorudishwa kwa wazazi wao kwa sababu ya jibu hilo.

Sayansi inasema kinyume. Magonjwa yanayotajwa zaidi katika ndoa za ndugu ni yale ambayo jeni yake hujificha. Mwenye nakala moja ni mzima. Mtoto huugua akipata nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Hakuna ugonjwa wa namna hiyo unaoweza kuwa wa kwao mke peke yake. Kwa sababu hiyo, katika chumba cha ushauri wa wagonjwa, neno jeni, pamoja na ugeni wake, ni salama kuliko kinasaba. Katika maabara, kila moja na litumike.

Je, hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Utafiti uliofanywa Bradford, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2013, ulihusisha watoto zaidi ya 11,000, wakiwamo wengi wa wazazi wenye asili ya Pakistani. Ulionyesha kwamba uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ulikuwa takriban asilimia 3 kwa wasio ndugu na takriban 6 kwa watoto wa binamu. Umeongezeka maradufu, na bado watoto 94 kati ya 100 hawakuwa na kasoro hizo. Tarakimu zote mbili ni za kweli. Anayetaja ya kwanza tu hutisha watu, na anayetaja ya pili tu huwalaza usingizi. Oman, ambako Kiswahili kingali kinasemwa katika nyumba nyingi za Muscat, utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta zaidi ya nusu ya ndoa ni za watu wenye uhusiano wa ukoo, na karibu robo ni za watoto wa ndugu wawili. Ndoa za ndugu zikirudiwa kizazi baada ya kizazi, urithi wa pamoja huzidi ile sehemu moja ya nane. Hoja ya kwamba babu alioa binamu yake na watoto wote wakawa wazima hailigusi jambo hilo.

Jambo moja hupuuzwa hata na wasomi: ukubwa wa hatari hutegemea uadimu wa jeni. Selimundu ni mfano ulio karibu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye nakala moja ya jeni hiyo hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na ndiyo sababu imeenea sana katika ukanda wa malaria. Ichukuliwe jamii ambamo watu 16 kati ya 100 wanaibeba. Mbebaji akioa mtu asiye ndugu, uwezekano wa mkewe kuibeba pia ni asilimia 16. Akioa binamu ni takriban 26. Sasa ichukuliwe jeni adimu, inayobebwa na mtu mmoja kati ya 200. Kwa asiye ndugu uwezekano ni nusu ya asilimia moja. Kwa binamu ni karibu 13, yaani takriban mara ishirini na sita ya hiyo. Kwa hiyo kumkataza kijana wa Tanga asimwoe binamu yake hakumkingi na selimundu. Anayeweza kumletea ugonjwa huo nyumbani ni pia mchumba mgeni kutoka Mwanza, na kipimo cha damu kinawafaa wote wawili.

Linabaki neno hatari. Kiswahili hulitumia kwa simba na kwa nyaya za umeme. Ni jambo la kuepukwa, si la kupimwa. Mshauri anaposema ndoa hii ina hatari, familia husikia katazo. Uwezekano ni neno bora, lakini nalo lina mtego wake likitiwa katika hesabu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji huambiwa kwamba mtoto mmoja kati ya wanne ataugua. Kwa ngeli na kwa hesabu, sentensi hiyo haina kosa. Lakini ataugua ni tamko la yakini, na msikilizaji huifahamu kama orodha: mmoja akishaugua, watatu wanaofuata wamesalimika. Mama mwenye mtoto wa kwanza mgonjwa hubeba mimba ya pili akiamini kwamba deni limelipwa, naye akizaa mgonjwa mwingine hutafutwa aliyemroga. Ingesemwa kwamba kila mimba, peke yake, ina uwezekano wa robo, bila kujali waliotangulia, angejua hivyo kabla ya mimba hiyo.