Fundi wa Baridi Hufanya Kazi Kwenye Joto

(Mazungumzo na wazazi na vijana waliomaliza shule, Mombasa)

Wazazi wetu, nanyi vijana mliokaa huko nyuma, sogeeni mbele, viti vipo.

Leo tunazungumza juu ya kazi ambayo wengi mmekuwa mkituulizia: ufundi wa viyoyozi na mashine za baridi. Hatusemi friji ya nyumbani tu. Tunasema mitambo mikubwa ya mahoteli, supamaketi, benki, hospitali na maghala ya samaki. Sisi si mafundi. Lakini katika kazi yetu ya ustawi wa jamii tumewapeleka vijana kwa mafundi, tumewafuata hadi juu ya paa, na wengine tumewatembelea nyumbani wakiwa wamelala wameumia. Basi tutasema tuliyoyaona.

Jina la kazi hii linadanganya. Mzazi husikia "fundi wa baridi" akadhani mwanawe atakaa mahali penye hewa nzuri. Hewa nzuri iko kwa mteja. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto la ndani kikalitupa nje, na fundi yuko huko linakotupwa. Hapa kwetu mwezi wa Februari au Machi, saa nane mchana, juu ya bati, karibu na feni inayopuliza hewa ya moto, spana yenyewe haishikiki bila glavu. Na miezi hiyo hiyo ndiyo mashine huharibika zaidi, maana ndiyo zinafanya kazi bila kupumzika.

Simu nayo haijui sikukuu. Chumba cha baridi chenye samaki kikizima Jumamosi usiku, mwenyewe hangoji Jumatatu. Chanjo nyingi hutakiwa zikae kati ya digrii 2 na 8. Zikipata joto huharibika hata kama kwa macho ziko sawa. Kwa hivyo fundi huamka. Wake wa mafundi walituambia habari hizo kwa kirefu kuliko waume zao!

Sasa kazi yenyewe. Sehemu kubwa ni usafi: kuosha filta, kuosha koili, kuzibua mpira wa kutolea maji. Hapa Pwani chumvi ya bahari hula koili, kwa hivyo kuosha ni nusu ya matibabu. Ile nusu nyingine ni akili. Mteja akisema "AC haipoi", fundi asiyejua hukimbilia mtungi wa gesi. Fundi wa kweli huuliza kwanza: ilianza lini? Hukaa akasikiliza kompresa, hupima stima, hutazama geji, hugusa bomba. Gesi ya kiyoyozi haiishi kama mafuta ya taa kwenye koroboi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, basi kuna mahali panavuja. Anayeongeza gesi kila baada ya miezi miwili bila kutafuta panapovuja anakula pesa za mteja bure, na sisi hatumwiti fundi.

Tuje kwenye hatari, na hapa tunaomba mtusikilize sana, kwa sababu vijana wengi huingizwa kazini kama wasaidizi bila kuelezwa lolote. Ndani ya mashine kuna kidude kinaitwa kapasita. Hiki huweza kuweka stima hata baada ya swichi kuzimwa, na kinaweza kumrusha mtu aliyeko juu ya ngazi. Kisha gesi: ile ya R22 ikitoka ikiwa majimaji huchemka kwenye baridi ya digrii 41 hivi chini ya sufuri, ikigusa ngozi huiua kama moto. Nyingi ya gesi hizi ni nzito kuliko hewa. Zikivuja katika chumba cha chini kisicho na dirisha hukaa chini, husukuma hewa, na mtu huzirai bila kusikia harufu yoyote. Na wakati wa kupima kama bomba linavuja, hutumika naitrojeni kavu. Oksijeni kamwe! Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili ya kompresa hulipuka. Kijana akiambiwa "tumia tu oksijeni, ndiyo iko", ashuke ngazi aende zake nyumbani.

Gesi zenyewe hubadilika, na huko ndiko kisomo kisipoisha. Mapatano ya Montreal ya mwaka 1987 ndiyo yaliyoanza kuziondoa zile zinazotoboa tabaka la ozoni. Nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana na R12 kufikia mwaka 2010, na R22 imepangwa iwe karibu kwisha ifikapo 2030. Mwaka 2016 huko Kigali yakaongezwa mapatano ya kupunguza zile gesi nyingine zinazoongeza joto la dunia. Baadhi ya zinazochukua nafasi, kama R290, ni propani, ndugu ya gesi ya kupikia. Inafanya kazi vizuri sana, lakini inashika moto. Mzee aliyejifunza kwa R12 akakataa kujifunza tena ni hatari kwake na kwa kijana anayemshikia tochi.

Sasa habari ya malipo. Mwenye cheti na kampuni nzuri hula mshahara wake na kusomesha watoto. Lakini wengi ni vibarua, leo yupo kesho hayupo. Tulimwona kijana aliyeanguka kutoka kwenye paa akavunjika mguu. Mwajiri, ambaye hatumtaji, alimpa nauli akamwambia kibarua hana fidia. Si kweli. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 humlinda kibarua pia, na humtaka mwajiri awe na bima. Lakini dai lipelekwe kabla miezi 12 haijapita, kwa hivyo msikae mkingojea huruma. Vile vile Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja huhesabiwa kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi. Andikeni tarehe za kazi kwenye daftari. Hata daftari la shule linatosha.

Aliyejifunza kwa fundi wa jua kali asidhani amepitwa. Mitihani ya ufundi ya NITA iko, daraja la tatu, la pili na la kwanza, na anaweza kuanza na hilo la tatu. Wasichana pia, maana kompresa haiulizi nani ameshika spana.

Kabla ya kulipa karo au kumkabidhi mtoto kwa fundi, mzazi aende mwenyewe aone. Je, wana pampu ya kuvuta hewa kwenye mabomba, au wanajaza gesi tu? Kuna mshipi wa kufunga mtu akiwa juu ya paa? Miwani na glavu? Wasaidizi wana bima?

Mafundi wawili tuliokuja nao wamefungua kiyoyozi kibovu hapo nje chini ya mwembe. Nendeni mkawaulize, na msiogope kuuliza wanalipwa ngapi.