Hotuba kwa Vijana wa Machakos Waendao Ng'ambo

Ndugu zangu, Julai yetu hapa Machakos ina mawingu na baridi, lakini mchana wake ni kama saa 12. Ninyi mtakaokwenda kusoma Glasgow, mji wa Uskoti ulio karibu na bahari, jueni kwamba mwezi wa Desemba jua huchomoza yapata saa 3 kasorobo asubuhi, na kutua saa 10 kasorobo alasiri. Tena mvua ni nyingi. Giza hilo huulemea moyo, wala si uvivu. Basi msijifungie chumbani. Tokeni nje adhuhuri, ijapokuwa kuna manyunyu. Tumieni vitamini D kila siku, maana jua hafifu la huko haliitoshi ngozi nyeusi. Mtu akizidi kuhuzunika, asione haya kumwendea daktari mapema. Nanyi wazazi, wapelekeeni salamu mara kwa mara.