Kadi ya Mwaka Jana na Kadi ya Mwaka Huu

Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu katika kuadhimisha mwaka wa kumi wa Chama Kikuu



Wasemaji walionitangulia wamesimulia habari za mizani, magari na maghala, mambo ambayo kila mmoja wetu ameyaona kwa macho yake. Jambo nililopewa mimi halionekani hivyo. Ni habari ya bima ya afya, na kwa mkulima wa pamba bima ni kadi ndogo inayokaa sandukuni mpaka siku ya homa. Walakini katika maswali yanayoletwa ofisini mwetu, sijui kama liko linalorudi mara nyingi kuliko hili: "Mwaka jana nilitibiwa kwa kadi hii hii, mbona mwaka huu naambiwa nilipe?"

Swali hili ni la haki, nalo lastahili jibu lililo kamili. Bima hainunuliwi kama shamba, likawa lako mpaka uwarithishe wanao. Bima hukodiwa kwa mwaka. Mwaka ukigeuka, masharti nayo huweza kugeuka: bei yake, idadi ya watu wanaohesabiwa ndani yake, na mlango wa hospitali ambako inapokewa. Huenda yakageuka yote matatu kwa pamoja huku jina likibaki lile lile, na hapo ndipo watu wengi hupotea.

Natoe mfano wa jirani zetu. Serikali ilipoanza kutoza ada za uchangiaji katika hospitali zake mwaka 1993, ilionekana upesi kwamba mwenye kipato cha msimu hana fedha siku anayougua. Basi mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulijaribiwa katika wilaya ya Igunga, nao ni wakulima wa pamba kama sisi. Sheria ya mfuko huo ilitungwa mwaka 2001. Kila halmashauri ilijipangia mchango wake, aghalabu shilingi elfu chache kwa kaya, na serikali ikaongeza fungu lake juu ya lile la wananchi, ndilo lililoitwa "tele kwa tele". Lakini kadi ile ilikuwa na mipaka mifupi: mwenye nayo alitibiwa karibu na kwao, na akipelekwa mbali haikumfaa sana.

Kisha, kuanzia mwaka 2018, mfuko uliboreshwa. Mchango ukawa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, Dar es Salaam ikiwa na kiwango chake mbali, na matibabu yakaanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Maafisa waandikishaji wakapita vijijini na simu zao, wakipiga picha za watu wa kaya. Tazameni basi: jina la mfuko lilikuwa lile lile, lakini bei, hesabu ya vichwa na mlango, vyote vilibadilika. Aliyeitunza kadi ya zamani vizuri sana sandukuni alitunza kitu kisichokuwa na kazi tena.

Yafaa niseme zaidi juu ya hesabu ya vichwa, kwa sababu ndipo machungu yalipo. Kaya zetu si za watu sita. Tuseme kaya ina baba, mama, watoto watano na bibi mzaa baba. Hao ni wanane. Wawili wabaki nje. Je, ni nani? Mara nyingi huachwa bibi, kwa kuwa yeye mwenyewe husema amekwisha kula chumvi nyingi, na huachwa mtoto mchanga, kwa kuwa siku ya kuandikishwa alikuwa hajazaliwa. Nao hao wawili ndio wanaougua kuliko wote! Kila mwaka kadi inapohuishwa yatupasa kuihesabu kaya upya, kama tunavyohesabu magunia, wala tusiinakili orodha ya mwaka jana. Binti ameolewa, ametoka. Mtoto amezaliwa, aingie. Bibi aulizwe, wala asisubiriwe ajisemee.

Sasa nije kwenye bei. Katika miaka ya mwisho ya 2010 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001 kwa watumishi wa serikali, uliwafungulia wakulima mlango kupitia vyama vyao kwa mpango ulioitwa Ushirika Afya. Mchango wake wakati huo ulikuwa shilingi 76,800 kwa mtu mzima na 50,400 kwa mtoto, kwa mwaka. Chukueni kalamu. Wazazi wawili ni 153,600, watoto wanne ni 201,600, jumla 355,200. Kaya hiyo hiyo katika mfuko wa jamii ililipa 30,000. Nimewasikia watu wakisema hapa pana wizi. Hapana, ndugu zangu, ni vitu viwili mbalimbali: kadi moja iliishia katika hospitali ya mkoa, na ya pili ilimfikisha mtu mbali zaidi ya hapo. Mwenye haki ya kunung'unika ni yule aliyeuziwa moja akidhani amenunua nyingine, na kosa hilo karani wa chama aweza kulizuia kwa maneno mawili.

Na kwa nini bei na masharti havitulii? Sababu ni nyingi, ila moja yatuhusu sisi wenyewe. Kaya mia zikitoa 30,000 kila moja, mfuko una shilingi 3,000,000. Kaya themanini zikisema, "Sisi wazima, tutaingia tukiugua," zabaki ishirini zenye wagonjwa, na mfuko una 600,000. Lakini dawa zinazohitajiwa ni zile zile. Jambo hili limetokea kweli. Mpango wa Toto Afya Kadi ulikuwa wa 50,400 kwa mtoto, na wazazi wengi walimwandikisha mtoto alipokuwa amekwisha kuugua. Malipo kwa hospitali yakaipita michango mara kadhaa, na mwaka 2023 uandikishaji wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, watoto wakatakiwa waandikishwe kupitia shule. Baadaye mpango ulirejeshwa, lakini mzazi aliyefika dirishani katika kipindi kile alirudi nyumbani mikono mitupu.

Tarehe 2 Novemba 2023 Bunge lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote, inayomtaka kila mkazi awe na bima. Miezi michache baadaye, tarehe 1 Machi 2024, Mfuko wa Taifa ulianza kutumia kitita kipya cha mafao, na baadhi ya hospitali za binafsi zikasita kuwapokea wenye kadi kwa kutopatana juu ya bei. Kadi zilikuwa hai na michango imelipwa, lakini mlango ulifungwa. Kwa hiyo kabla ya kuhuisha ulizeni pia, "Ni hospitali gani zinaipokea leo?" wala msitegemee jibu la mwaka jana.

Limebaki jambo la majira. Pamba yetu huuzwa kuanzia Mei; fedha huwa mkononi Juni na Julai. Homa za watoto huzidi wakati wa mvua, nasi wakati huo tunapalilia, na kibubu ni kitupu. Mtu akingoja mpaka mtoto augue Januari ndipo akate kadi kwa fedha ya kukopa, kadi hiyo itakufa Januari ijayo, na kila mwaka itamdai katika mwezi ule ule asio na kitu. Mimi naona ni heri aihamishe siku yake mpaka msimu wa mauzo, hata kama miezi michache iliyolipiwa itapotea. Hasara hiyo ni ya mara moja.

Halmashauri imekubali kwamba msimu huu, pale penye mizani, kila chama cha msingi kitaweka daftari la kaya. Mwanachama atakayependa ataandikisha watu wake wote, pamoja na waliozidi idadi, na tarehe ambayo kadi yake itakwisha. Makato yatafanywa kwa idhini yake ya maandishi tu, naye atapewa stakabadhi. Kabla ya mizani kufunguliwa, katibu wa kila chama ataandika ukutani bei ya mwaka huu, idadi ya watu wanaoruhusiwa na majina ya vituo vinavyoipokea kadi, baada ya kuyauliza upya kwa maafisa wanaohusika. Karatasi ya mwaka jana itabanduliwa kwanza. Makatibu ambao hawajachukua daftari watalipata kwangu jioni hii, baada ya chakula.