Msiba wa Ng'alita na Msiba wa Bukoba

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa Bukoba, watu 19 wakafariki. Nchi nzima ilitazama wavuvi wakihangaika majini, na kesho yake Waziri Mkuu akaongoza kuaga miili katika uwanja wa Kaitaba. Januari 13, 2024, hapa hapa wilayani kwetu Bariadi, udongo uliporomoka machimbo ya Ng'alita, watu 22 wakafa. Kilio hicho hakikufika mbali.

Sababu moja ni kwamba ndege ina orodha ya abiria. Majina hupatikana mapema, na ukishajua jina unamlilia mtu. Duara, yaani shimo la mchimbaji mdogo, mara nyingi halina hata daftari. Tena kuchimba pale Ng'alita kulikuwa kumezuiwa, basi wapo waliouliza "walifuata nini?" kabla ya kusema pole. Swali hilo linaniuma sana. Walifuata riziki, kama abiria yeyote.

Mwenye duara, andika majina ya wanaoshuka kila zamu. Nawe jirani, ukisikia msiba wa machimboni, nenda kahani.