Kuku wa Nyangwe na turubai la watoto

Tarehe 15 Julai 1871 ilikuwa siku ya soko Nyangwe, ukingoni mwa Lualaba, mahali ambapo leo ni teritware ya Kasongo, jimbo la Maniema, Kongo. Watu kama 1,500 walikuwa wamekwisha kufika, wengi wao akina mama: huyu ana samaki, yule ana mihogo, mwingine amepakata kuku. Mpelelezi David Livingstone, aliyekwama pale kwa miezi akitafuta mtumbwi wa kuvukia, alikuwa sokoni asubuhi hiyo. Aliona watu watatu wa msafara wa wafanyabiashara Waarabu wakiingia na bunduki, kitu kisichokuwa desturi ya soko. Mmoja wao akaanza kubishania bei ya kuku. Mara risasi zikalia.

Akina mama wakakimbilia mitumbwi. Mitumbwi ikajaa, ikazama. Wengine wakajitupa mtoni wakiogelea kuelekea kisiwa kilichokuwa mbali mno, na vichwa vikawa vinatoweka kimoja kimoja. Wafanyabiashara Waarabu wenyewe walikadiria kwamba waliokufa siku ile walikuwa kati ya 330 na 400.

Livingstone alikuwa ameishiwa karatasi na wino. Alichukua gazeti la zamani la Kiingereza, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akikatiza mistari, kwa rangi aliyoitengeneza kwa mbegu za mmea wa hapo hapo Maniema. Rangi ile ilififia hata karatasi ikawa haisomeki, mpaka mwaka 2011 wataalamu walipoipiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali, na maneno yakarudi. Lakini barua alizotuma kwao zilikwisha kufanya kazi zamani. Habari za Nyangwe zilitangazwa Uingereza mwaka 1872, zikawatia watu hasira, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Kilichoandikwa kwanza kwa mbegu za porini kwenye gazeti kuukuu kilifika mbali.

Hata hivyo Nyangwe haikupata picha inayojulikana dunia nzima. Soko lingine lilipata.

Jumatatu ya tarehe 26 Aprili 1937, siku ya soko pia, ndege za Ujerumani na Italia ziliupiga mabomu mji mdogo wa Guernica, kaskazini mwa Uhispania. Pablo Picasso alizisoma habari hizo magazetini akiwa Paris. Kwa muda wa wiki kama tano alichora turubai lenye urefu wa karibu mita 7.8 na kimo cha mita 3.5, kwa rangi nyeusi, nyeupe na kijivu tu, kama ukurasa wa gazeti. Mna farasi anayelia, mna mama aliyembeba mtoto aliyekufa. Nakala yake iliyofumwa kwa nyuzi ilitundikwa mwaka 1985 kwenye mlango wa ukumbi wa Baraza la Usalama, New York, ukumbi ule ule ambamo mambo ya Kongo yamejadiliwa na askari wa Umoja wa Mataifa kupigiwa kura mara nyingi. Tarehe 5 Februari 2003, Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, alipokuja kueleza kwa nini Iraki ishambuliwe, nakala hiyo ilifunikwa kwa pazia la buluu. Picha isiyo na nguvu haihitaji kufunikwa.

Mwaka 1995, miaka hamsini baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Wajapani fulani mjini Kyoto walianzisha kazi waliyoiita Kids' Guernica, yaani Guernica ya watoto. Kanuni yake ni moja, na ni nyepesi: watoto wa mahali popote wachukue turubai lenye vipimo vile vile vya Picasso, wachore pamoja amani kama wanavyoielewa wao. La kwanza lilichorwa mwaka huo huo Tallahassee, katika jimbo la Florida, Marekani. Tangu hapo maturubai yamekuwa yakichorwa nchi moja baada ya nyingine, yakikunjwa, yakisafirishwa, yakitundikwa mbele ya watoto wasiojuana.

Hapa inafaa kusimama kidogo kwenye vipimo, maana siri yote imo humo. Turubai la mita 7.8 ni refu kama ukuta wa kalasi nzima. Likitandikwa chini, mtoto wa miaka tisa hawezi kufika katikati yake akiwa amesimama pembeni. Lazima avue sandali, apige magoti, aingie ndani ya picha. Na akishaingia, mkono wake unakutana na mkono wa mwingine. Huyu anauteremsha mto wake kutoka kushoto, yule amekwisha kujenga nyumba pale pale mto unapopita. Nani asogee? Mto ukizunguka nyumba, basi shamba la mtoto wa tatu linapata maji ambayo hakuyaomba. Wanabishana, wanapatana, wanafuta kwa kitambaa chenye maji, wanaanza upya. Kwenye karatasi ndogo kila mmoja angebaki na mto wake na asijue kwamba nyumba ya jirani ipo.

Mara nyingi watu wazima ndio wanaoiharibu kazi hii. Wanakuja na mchoro tayari, njiwa mweupe na majani mdomoni, kisha wanawapa watoto brashi wajaze rangi ndani ya mistari. Ukuta unapendeza, wageni wanapiga picha, lakini mtoto hakusema neno. Mwaka 2007 shirika la Waging Peace lilikusanya michoro 500 ya watoto wa Darfur, nchini Sudani, waliokimbilia mashariki mwa Chadi. Watoto hao walipewa karatasi na penseli, wakachora walichokiona: nyumba zinaungua, ndege angani, watu wenye silaha juu ya farasi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliipokea michoro hiyo kama ushahidi wa mazingira ya uhalifu. Kama watoto hao wangeelekezwa kuchora njiwa, mahakama isingepata kitu.

Karibu zaidi na nyumbani kuna Kibera, Nairobi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,100 waliuawa nchini Kenya, na Kibera vijana wenye hasira waling'oa reli inayopeleka mizigo Uganda. Katikati ya moshi ule, mchoraji Solomon Muyundo, anayejulikana kama Solo 7, alizunguka na kopo la rangi akiandika maneno ya amani kwenye mabati, kuta na barabara. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipokaribia, vijana wa Kibera walichora kuta zao pamoja na wasanii, na wachoraji wakaruhusiwa kupaka ujumbe wa amani kwenye treni ya abiria inayopita katikati ya mtaa. Treni yenye picha ikapita juu ya reli ile ile iliyokuwa imeng'olewa. Si haki kudai kwamba rangi ndiyo iliyotuliza Kibera mwaka huo. Lakini watu waliopita kwenda kazini waliweza kuyaona maneno ya amani ya vijana wao, si kusikia ya wanasiasa peke yake.

Na Goma, shirika la Colors of Connection limechora kuta pamoja na wasichana waliokulia ndani ya vita, kuta za barabarani, si za ofisini.

Maniema ina haki ya kuwa na turubai lake. Salamabila, katika teritware ya Kabambare, karibu na mgodi wa dhahabu wa Namoya, wapiganaji wa Mai-Mai Malaika na jeshi wamepambana kwa miaka, na miongoni mwa waliobeba bunduki walikuwamo watoto. Familia zimekimbia, zimerudi, zimekimbia tena. Mtoto wa huko anayesukuma kinga yenye mafuta ya mawese kuelekea soko anajua mambo ya barabara ambayo hakuna ripoti iliyowahi kumuuliza. Ana la kuchora. Hata Kiswahili kinachosemwa Maniema kilikuja huku na misafara ya watu wa bunduki, wa namna ya wale walioingia Nyangwe, kisha akina mama wa soko wakakichukua, wakakifanya lugha ya kuulizana bei.

Atakayesema hakuna vifaa akumbuke Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa Katanga. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi, picha zaidi ya mia moja, akizieleza kwa Kiswahili chake. Maturubai yake yalikuwa magunia ya unga. Alikuwa akibeba picha mkononi na kuziuza nyumba kwa nyumba.

Hesabu ya turubai la Maniema ni hii. Gunia la kilo 50 likifumuliwa linatoa karibu mita moja ya mraba. Magunia kama thelathini yakishonwa pamoja yanafikia vipimo vya Picasso. Rangi nyeupe ni pemba, ile ile inayopakwa kwenye kuta za nyumba. Nyekundu ni udongo wa barabarani. Nyeusi ni makaa ya mpishi, na kijani majani yaliyopondwa kwenye kinu. Fundi cherehani mmoja, siku mbili. Uwanja wa masomo uliofagiwa. Mwalimu asiyekuja na njiwa wake, ila swali moja tu la kuanzia: siku ya soko unaona nini?

Sandali zitapangwa pembeni, jozi kwa jozi. Atakuwepo wa kuchora kinga, wa kuchora mtumbwi, wa kuchora askari. Na huenda mmoja, bila kuwa amewahi kusikia habari ya Livingstone, akamchora mama amepakata kuku, anarudi naye nyumbani.